Jina Nililolikwangua kwa Wembe

Nyinyi mliobaki katika chumba kile cha mwisho, kinachopakana na choo cha wanaume, mmeniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Mkuu wa idara amependekeza nianze na vyeo. Vyeo vimo kwenye faili langu, na faili langu mnalijua, ndilo mnaloliegemeza dirishani ili dirisha lisigongwe na upepo wa ziwani. Mimi nitaandika yasiyomo humo. Moja kati ya hayo linaniuma mpaka leo, na nimestaafu bila kumsimulia mtu yeyote kwa ukamilifu.

Nilikuja Mwanza kutoka Ukerewe mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na cheti cha ualimu wa Kiswahili, sanduku la bati na woga wa karibu kila kitu. Barua ilisema nitafanya kazi dawati la fasihi katika maktaba ya chuo. Nikadhani ni ushairi. Aliyenipokea alikuwa Mwalimu Rwechungura, Mhaya mrefu, mwembamba, aliyevaa tai hata Jumamosi. Alinipeleka kwenye rafu mbili zilizojaa vijitabu vya kubanwa kwa pini, majalada yake yamechorwa na mafundi wa mabango: mafuvu, paka weusi, bibi harusi anayetokwa na damu puani.

"Hii ndiyo kazi," aliniambia. "Watu wa nchi hii wanaandika hadithi za kutisha usiku na mchana, na hakuna msomi anayezisoma kwa heshima. Wewe na mimi tutazisoma kwa heshima."

Nilimwomba anihamishie kwenye ushairi. Akasema ushairi una watu tayari. Mchana huo alinipa kijitabu kimoja nianze nacho, nikakisoma nikiwa nimekaa karibu na mlango.

Vifaa alinikabidhi siku hiyohiyo, kimoja kimoja, akinisainisha. Boksi la kadi ngumu. Kalamu ya wino mweusi. Redio kaseti yenye mkono wa kubebea. Betri nne. Na wembe mmoja, ambao sikuuelewa mpaka nilipoharibu kadi ya kwanza. Ukikosea kwa wino hufuti, unakwangua taratibu kwa ncha ya wembe mpaka karatasi inyooke, halafu unasugua kwa ukucha ili wino mpya usisambae. Nilikuja kuwa hodari sana wa kukwangua. Betri zikichoka tulizianika juu ya jiwe nyuma ya maktaba zipate nguvu ya siku moja zaidi, na mawe Mwanza hatujawahi kupungukiwa.

Kila kisa kilikuwa na kadi yake. Unaandika kinachotisha ni nini, kinatokea wapi, nani anaogopa, mwisho wake ukoje. Chini kabisa unaandika jina kamili la msimulizi au mwandishi, kazi yake na kijiji chake. Mstari huo wa mwisho ndio Mwalimu Rwechungura aliousimamia kwa ukali. Aliwahi kunionyesha vitabu vya wageni waliopita huku kwetu zamani wakikusanya hadithi. Kila hadithi imeandikwa imetolewa na "mwenyeji mmoja mzee."

"Mwenyeji mmoja!" alisema, tai ikitetemeka. "Kama vile alikuwa kichaka. Kadi isiyo na jina, mama, kwangu ni umbea. Usiniletee."

Nilimwamini. Bado namwamini, na hapo ndipo penye tabu yangu.

Ilikuwa miaka ya milango kufunguliwa. Maduka yaliyokuwa na sabuni ya kupanga foleni yakajaa vitu, magazeti ya watu binafsi yakaota kila kona, na wachapaji waliokuwa wakiishi kwa kadi za harusi wakawa wanachapa chochote kinacholetwa. Vijitabu vyetu vingi vilitoka kwenye karakana ya Bwana Harish, ambaye babu yake aliifungua tangu enzi za mkoloni. Alikuwa ananiwekea nakala moja ya kila kilichotoka, ameiviringisha ndani ya kalenda ya mwaka uliopita ili mkewe asione picha. "Dada, hiki nimekichapa macho nimefumba," alikuwa akiniambia, na bado alijua kila kinavyoisha. Vingine nilivipata kwa wauza karanga wa stendi. Kuna hadithi moja ambayo mwisho wake niliununua mara nne, kila mara na karanga zake, kabla sijapata ukurasa wa kwanza.

Kadi zilipoongezeka nikaanza kuona kitu. Katika hadithi za zamani anayetisha ni mumiani, anakuja na gari, anachukua damu za watu, anaondoka. Katika hadithi za miaka ile mpya anayetisha ni jirani. Ana duka ambalo hakuna aliyewahi kuona lori likishusha mzigo. Ana chumba cha nyuma kisichofunguliwa, na ndani yake kuna nyoka anayekula mayai na kutoa utajiri, au kuna mtoto wake wa kwanza. Viwanda vilikuwa vinafungwa, vyama vya pamba vinakufa, wanaume wanarudi nyumbani na barua mkononi, huku mtu wa nyumba ya pili anapandisha ghorofa. Watu walikuwa wanauliza yeye amepata wapi na sisi tumekosa wapi, na vijitabu viliwajibu. Niliandika makala juu ya hilo. Nadhani ilisomwa na watu wanane, wawili kati yao wakiwa wamesinzia kwenye kongamano.

Droo moja ilinenepa kupita zote. Niliiandika "Kizee mwenye macho mekundu." Mwandishi akikosa la kufanya, alileta kizee. Akikosa la kumpa kizee, alimpa macho mekundu. Ninyi ni watu wa huku, hamhitaji kuambiwa kwa nini bibi zetu wana macho mekundu. Kuni ziliisha, wakapikia kinyesi cha ng'ombe maisha yao yote, ndani ya vijumba visivyo na dirisha. Mbele ya droo hiyo nilibandika kadi: "Sababu: moshi." Nikajiona nimemaliza kazi yangu.

Sasa nifike Misungwi. Kijiji chenyewe sikitaji. Msimulizi nitamwita Bibi kwa sasa.

Nilielekezwa kwake na mwalimu wa shule ya pale. Alikuwa mjane wa miaka mingi, mfupi, mwenye mikono mikubwa kama ya mwanamume. Watoto wake sita walikuwa wamekwenda mijini au wameolewa. Shamba lake lilikuwa safi kuliko mashamba yote ya njiani, hakuna gugu hata la dawa. Tulikaa kando ya kihenge chake cha mahindi, yeye akipepeta, macho yake mekundu yakitoa machozi ya kawaida ya moshi, ambayo aliyafuta kwa bega.

Utaratibu wetu wa kaseti mnaujua. Unataja siku na mahali, halafu unamwita msimulizi kwa jina lake kamili na yeye anaitikia, ili atakayesikiliza baadaye aijue sauti. Nilibonyeza, nikataja, nikamwita. Akaitikia "Abee!" kwa nguvu mpaka mshale wa sauti ukaruka. Akacheka. Akasema tangu afiwe na mumewe hakuna aliyekuwa akimwita hivyo, jina zima, kila mtu anamwita mama fulani au bibi fulani. Kisha akaanza.

Mwanamke alifiwa na mume wakati wa kulima. Akazika, akalia, na baada ya siku chache akarudi shambani kwa sababu mvua zilikuwa zimeanza. Akalima matuta mpaka mchana, akayahesabu, akarudi nyumbani. Asubuhi yake akakuta yameongezeka matatu. Akawauliza majirani ili awashukuru, kila mmoja akasema si yeye. Ikawa hivyo kila siku, matuta matatu, manne. Siku moja akainama kuyatazama vizuri yale mageni. Yalikuwa yamelalia kushoto. Mumewe alivunjika mkono utotoni, na matuta yake yote, tangu aoe mpaka afe, yalilalia kushoto.

Hapo Bibi akaendelea kupepeta.

"Akapiga kelele?" nilimuuliza.

"Apige kerere ya nini, mwarimu? Ana watoto sita."

"Sasa akafanya nini?"

"Akaenda kureta mbegu."

Na akaanza kuacha kibuyu cha uji ukingoni mwa shamba. Asubuhi alikikuta kitupu, na kimeoshwa. Hakumwambia mtu. Watoto wakala, wakakua. Basi, hadithi iliishia hapo.

Katika miaka yote ile sikupata kadi nyingine inayonifanya nitamani kusimama. Niliiweka droo ya misukule, yaani wale wanaodhaniwa wamekufa kumbe wamefichwa wanafanyishwa kazi, kwa sababu droo inayofaa zaidi hatukuwa nayo. Zingatieni jambo moja tu: katika hadithi ya Bibi hakuna mchawi. Hakuna kizee. Hakuna macho ya rangi yoyote.

Mwaka uliofuata alianza kuja maktaba kijana aitwaye Deus Magembe. Alikuwa karani wa chama cha ushirika kilichokufa, ameachishwa kazi, na alikuwa akiandika vijitabu vya kutisha kwa kasi ya mtu anayetwanga. Nilimpenda. Alikuwa na adabu, alirudisha kadi mahali pake, na aliandika sentensi fupi safi. Akaiona kadi ya matuta, akaomba kuitumia, nikamruhusu. Kadi ni za watu wote, ndivyo tulivyoamini. Baada ya wiki mbili akaniletea mswada.

Ndani yake kizee alikuwepo. Kizee mjane, macho mekundu, ndiye aliyemfukua mumewe na kumlimisha.

"Deus, huyu katoka wapi?" nilimuuliza.

"Mwalimu, msomaji wa stendi anataka mchawi. Bila mchawi atasema nimemwandikia risala ya msiba."

Nilibishana naye kidogo. Nilimwambia ameharibu kitu kizuri. Lakini sikubishana sana, kwa sababu nilikuwa na hasira na jambo jingine, na hasira hiyo ndiyo iliyonila. Hakuwa ameandika popote kwamba kisa ni cha Bibi. Nikaona ndio walewale wa "mwenyeji mmoja." Nikamwambia huo ni wizi, kwamba mwanamke maskini wa Misungwi amempa hadithi na yeye anataka kuvaa sifa peke yake.

"Nitaandika shukrani, mwalimu. Niandike 'bibi mmoja wa Misungwi'?"

"Jina kamili."

"Sawa. Lazima na kijiji?"

"Lazima na kijiji," nilimwambia. Nikachukua kalamu yangu nikaandika maneno yenyewe kwa mkono wangu, ili asikosee: kisa hiki kimesimuliwa na fulani, mjane, mkulima, wa kijiji fulani, Misungwi. Bwana Harish akayachapa ukurasa wa kwanza kwa herufi nene. Kijitabu kilipotoka nilimwonyesha Mwalimu Rwechungura. Alitabasamu, na alikuwa mtu asiyetabasamu hovyo. Nilitembea siku hiyo nzima nikijisikia nimetenda haki.

Mchawi nilimwachia apite. Jina ndilo nililolipigania. Nimeyapanga maneno hayo kwa kila namna na hayajawahi kunipunguzia chochote.

Miezi kadhaa ikapita. Asubuhi moja aliingia maktaba mwanamke mnene, amejifunga kanga kifuani kama mtu aliyetoka msibani, akaniwekea kijitabu kile mezani, kimefunuliwa ukurasa wa kwanza. Alinizidi umri. Nikasimama.

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia.

"Wewe ndiye uliyekuja na redio kwa mama?"

"Ni mimi."

"Na hapa nani kaandika?" Kidole chake kilikuwa juu ya jina.

"Ni mimi, dada."

"Mama yuko kwangu, hapa mjini, mtaa wa Pasiansi. Kaja na jembe tu. Hana kitu kingine."

Jina lake lilikuwa Kulwa, binti wa pili wa Bibi. Alinieleza akiwa amesimama, kiti alikikataa. Pale kijijini watoto wawili wa jirani walikufa kwa homa katika juma moja. Watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu. Na kwenye mashine ya kusaga, mahali wanawake wanaposubiri unga, kijana mmoja akawa anasoma kijitabu kwa sauti. Walisikia jina la jirani yao. Walisikia kijiji chao. Mjane, mkulima, macho mekundu, shamba lisilo na gugu hata moja. Sasa wakajua kwa nini halina gugu. Kwetu sisi, mstari ule ulikuwa heshima kwa msimulizi. Kwao ulikuwa ushahidi, tena umechapwa.

Walikwenda nyumbani kwake mchana, watu wazima aliosalimiana nao kila siku. Bibi alikuwa shambani anapalilia. Aliona moshi, akadhani ni wa mtu mwingine. Mwanamke mmoja akamkuta njiani akamwambia asiende nyumbani, ageuke vilevile alivyo. Alitembea na jembe lake begani mpaka barabara kuu.

"Unataka nifanye nini, dada?" nilimuuliza Kulwa.

"Sijui. Wewe ndiye msomi," alisema, akaondoka. Kijitabu alikiacha.

Nilikwenda kwa Mwalimu Rwechungura nikamweleza. Alivua miwani, akaiweka mezani. "Ile sheria niliitunga mimi," alisema. "Nilipokuwa naitunga nilikuwa nawafikiria wasomaji watatu, na wote ni maprofesa." Alistaafu mwaka uleule, na kwenye sherehe yake alikataa kuhutubia. Nilijua kwa nini, wengine wakadhani ni mafua.

Deus alizunguka stendi, sokoni, kwa kila muuza magazeti, akikusanya vilivyobaki. Alivileta maktaba kwenye mifuko miwili ya salfeti. Tulikaa chini, yeye na mimi, tukichana ukurasa wa kwanza wa kila kimoja. Alipomaliza aliniomba radhi, mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyechomewa. Nikamwambia asiniombe. Hakuandika tena. Miaka mingi baadaye nilimwona kwenye soko la Mlango Mmoja akiuza mashati ya mitumba, akayakunja vizuri sana mbele yangu, tukaongea habari za mashati.

Baada ya hapo nikachukua wembe. Nilitoa kadi, nikakwangua jina. Nikakwangua kijiji. Kwenye daftari la kumbukumbu, kwenye lebo ya kaseti ya kumi na saba, kote nilikwangua, nikasugua kwa ukucha, na mahali pa jina nikaandika: "Hajulikani." Halafu nikaweka kaseti kwenye redio, nikarudisha mwanzo, na pale ninapomwita nikabonyeza kurekodi juu yake, nikiwa nimeziba pumzi, mpaka sekunde zile zikawa sauti ya mvua ya mbali. Nilikuwa makini nisiguse hadithi. Ninyi mlionifuata mmekuwa mkilalamika kwamba katika makusanyo yote kadi moja tu haina jina, mkadhani ni uzembe wa mtu kabla yangu. Niliwaacha mdhani hivyo.

Kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda Pasiansi. Kulwa alikuwa ananifungulia mlango na kurudi jikoni. Bibi alikaa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, akitazama ziwa ambalo hakulipenda, maana alisema maji mengi namna ile hayana maana kama huwezi kuyapandia kitu. Alikuwa amechimba kipande kidogo cha ardhi katikati ya mawe, ukubwa wa meza, akapanda viazi. Alinipokea vizuri, na wema wake uliniumiza kuliko ukimya wa binti yake. Tuliongea habari za magoti, bei ya sangara, wajukuu. Hadithi hakusimulia tena. Wajukuu walimwomba, akawaambia zimeungua.

Siku moja Kulwa alikuja akakaa nasi, kitu ambacho hakuwa anafanya. Sijui tulifikaje huko, lakini alisema baba yake alikuwa na mkono mbovu, alianguka kwenye mwamba akichunga. Mkono upi, nilimuuliza, ingawa nilishajua. Bibi alikuwa anang'oa majani kwenye viazi vyake na hakugeuka.

Nilikuwa nimekaa miaka na kadi ile bila kuuliza swali moja la kibinadamu.

Alipoanza kudhoofika aliniuliza kama sauti yake bado ipo kule chuoni. Nikamwambia ipo, salama kabisa. Akataka kuisikia. Jumapili iliyofuata nilibeba redio kaseti, betri nimezianika tangu juzi yake, nikaiweka juu ya jiwe kati yetu. Alijifunga kanga vizuri kama anakwenda kupigwa picha.

Kaseti ikaanza. Sauti yangu ya ujana ikataja siku na mahali. Kisha ile mvua ya mbali, muda mfupi. Kisha sauti yake, kubwa, yenye furaha: "Abee!" Na kicheko.

Akaninyooshea mkono nizime.

"Hapo naitikia nini?" aliuliza. "Hakuna ariyeniita."

"Nilikuita, Bibi. Nimelifuta jina. Na kwenye karatasi nimelifuta. Ili watu wasikudhuru tena."

Macho yake yalikuwa yametulia, moshi wa miaka ulikuwa umeanza kumwacha kule mjini, na yalikuwa karibu meupe. Hilo nalo liliniuma.

"Hadithi yangu bado mnaitumia huko?"

"Ndiyo, Bibi. Wanafunzi wanaisoma kila mwaka. Wanaipenda."

"Inafanya kazi, mimi sina jina." Alisema polepole, kwa Kiswahili cha wazi, ili nisipate pa kujificha. "Msukure ndiyo hivyo, mwarimu. Anafanya kazi, jina hana. Umenifanya msukure."

Nilianza kulia. Hakunibembeleza wala hakunifukuza.

"Rirudishe," alisema.

Nilimweleza kwamba hata Pasiansi kuna maneno maneno, kwamba Kulwa ana watoto wa shule, kwamba watu ni walewale. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Niriyechomewa ni mimi," alisema. "Uoga ungekuwa wangu. Rirudishe." Nikamwahidi. Na tazama jinsi mtu anavyoweza kuahidi jambo akiwa na kalamu mfukoni na bado asilifanye. Nilisema wiki ijayo, nikasema mpaka shule zifungwe, nikasema mpaka hali itulie kule Misungwi. Alifariki mvua za vuli, wakati wa kulima. Alikuwa amelala na mikono nje ya shuka.

Kwenye msiba nilimwamkia Kulwa shikamoo, na akaitikia marahaba. Sijui kama alikuwa amesamehe au alikuwa amechoka tu, na sikuuliza.

Miaka mingine yote mmeiona wenyewe. Droo zimekwenda kwenye kompyuta, Bwana Harish amehamia kwa watoto wake, vijitabu havichapwi tena, hadithi zile zinazunguka kwenye simu, bado na kizee yuleyule. Nimewafundisha wanafunzi wengi kuandika jina la msimulizi, na kila nilipofundisha somo hilo nilikuwa natazama dirishani. Mkiniuliza leo kanuni ni ipi, tuandike jina au tulifiche, nitawaambia sina kanuni. Nendeni mkamuulize mwenye jina, mmweleze nani atasoma, na mkae hapo mpaka ajibu. Mimi sikumuuliza nilipoliandika, wala sikumuuliza nilipolifuta.

Mwezi uliopita nilikwenda Pasiansi. Kulwa sasa ndiye bibi. Nilimuuliza kama naweza kulirudisha jina la mama yake, na nikamweleza litakaa wapi na nani wataliona. Alisema, "Si alishakwambia?"

Siku yangu ya mwisho kazini, wakati mlipokuwa mnapanga viti vya sherehe, nilitoa ile kadi. Karatasi ilikuwa nyembamba mahali pale, ilikwanguliwa mno, na wino ulisambaa kidogo. Lakini linasomeka. Msimulizi: Mbuke binti Luhende, mjane, mkulima. Kijiji nimekiacha wazi, kwa sababu hakikumwacha abaki.

Kaseti sikuweza kuirekebisha. Sauti yangu imezeeka, na fundi alisema nikiigusa tena nitapoteza hadithi. Kwa hiyo nawaomba jambo moja, na ndilo pekee ninaloliacha kama agizo. Mkiwachezea wanafunzi kaseti ya kumi na saba, mmoja wenu asimame. Msubiri sauti yangu imalize kutaja siku na mahali. Ile mvua ya mbali ikianza, mwiteni kwa sauti, jina zima, Mbuke Luhende, kama mnavyomwita mtu aliye shambani.

Ataitikia.